Mkono Uliotoka Ukutani

Jirani yangu hapa Mafiga ana kawaida ya kupika mkate wa mahindi mabichi ndani ya majani ya mgomba. Kabla ya kufunga, hulipitisha jani juu ya moto, upande huu na upande ule, mpaka linalainika na kung'aa kama limepakwa mafuta. Harufu yake huvuka ua. Si harufu mbaya. Ni harufu ya kitu kibichi, tamu kidogo, yenye moshi ndani yake, na watoto wake wakiisikia hukimbilia jikoni. Mimi nikiisikia huinuka nikafunga mlango, nikakaa kitandani, nikakunja mikono ya gauni na kutazama mikono yangu yote miwili.

Wengi wa rika langu wana kovu moja la kuchanjwa ndui. Mimi nina mawili, moja kila mkono, chini kidogo ya kiwiko, na yote ni ya siku moja. Wajukuu wameniuliza mara nyingi. Nimewajibu kwamba mchanjaji alikosea. Mchanjaji hakukosea. Naandika hapa yaliyotokea, kwa mpangilio ninaoukumbuka, kwa ajili ya wenzangu waliokuwa watoto wakati wa Mdachi na ambao hawahitaji kuelezwa kibanda cha kando ya kijito kilikuwa cha nini.

Tulikaa milimani, juu ya Mlali, mahali ambapo mtu akitaka chumvi hushuka alfajiri na kurudi jioni. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Mama alifariki siku niliyozaliwa. Baba alikwenda kubeba mizigo ya safari na hakurudi. Tulilelewa na Bibi, mama yake mama, na aliyekuwa na sauti juu yetu ni Mjomba Salehe, kaka yake mama, kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Tuliokuwa tukilelewa ni wawili tu: mimi na dada yangu Zena.

Zena alinizidi miaka minne hivi. Ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenitafunia chakula nilipokuwa sina meno, na kila jioni, hata nilipokuwa mkubwa wa kuteka maji peke yangu, aliniuliza swali lile lile: "Umekula?" Hakuuliza kwa sababu hajui. Alikuwa amenipakulia mwenyewe. Nadhani ilikuwa namna yake ya kufunga siku.

Kisha Zena akawa mwali, akawekwa chumba cha ndani. Wenzangu mnajua mambo hayo yalivyokuwa zamani. Haikuwa wiki mbili kama siku hizi. Mwali alikaa gizani mwaka, pengine zaidi, asione jua, asionwe na mwanamume, akisema kwa kunong'ona, akinenepa na kung'aa kama kitu kilichofichwa kwa ajili ya sikukuu. Siku ya kutolewa alipakwa mafuta, akavikwa nguo mpya, akabebwa mabegani huku ngoma ikilia. Mimi niliona wivu mkubwa. Pia niliachwa peke yangu. Mkeka wetu ulikuwa wa watu wawili, na sasa nililala katikati yake nisijue mikono niiweke wapi.

Faraja yangu ilikuwa moja. Mwali huletewa chakula na mdogo wake wa kike. Kwa hiyo mara mbili kwa siku niliinama kwenye mlango mdogo na sahani mikononi, nikaingia gizani, nikakaa karibu naye mpaka macho yazoee na nione weupe wa meno yake. Zaidi ya Bibi na kungwi wake, mwanamke aliyemfunza, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia.

Kuna jambo moja la nyuma ambalo lazima nilitaje hapa, maana bila hilo mtu atadhani tulikuwa wajinga. Mwaka uliotangulia, Mjomba Salehe alipokuwa safarini, Bibi alifanya tambiko la kuwaombea watu wa nyumba. Kila mmoja alipakwa kifuani unga uliokorogwa na maji, na jina lake likatajwa. Mjomba hakuwepo. Bibi akamwita Zena akampaka mara ya pili, akataja jina la Mjomba. Nilipouliza, aliniambia kwamba asiyekuwepo hupokelewa na mtu wa damu yake. Mjomba alirudi mzima, hata mguu haujamvimba. Nilihifadhi jambo hilo kichwani kama nilivyohifadhi mengine yote niliyoyaona kwa macho yangu.

Habari za ndui zilipanda kutoka bondeni. Reli ilikuwa imefika Morogoro si zamani, na kila aina ya mtu alipita chini kule. Kwanza tulisikia kwamba wapagazi wawili wamelala kando ya njia na hawaamki. Kisha tukasikia kijiji cha pili kutoka kwetu wameziba njia kwa miiba. Wazee wetu nao wakaziba yetu. Wakakata nyasi wakajenga kibanda kando ya kijito, chini ya nyumba zote, mahali ambapo maji yakishapita hayarudi kwa mtu. Hakuna aliyekuwa mgonjwa bado. Kibanda kilisimama kitupu na watoto tulikatazwa hata kukielekeza kidole.

Mtu wa kibanda hicho alijulikana kabla hakijajengwa. Alikuwa Bi Chausiku, mwanamke wa makamo aliyeishi peke yake ukingoni mwa mashamba. Aliugua ndui utotoni akapona, na uso wake wote ulikuwa vishimo. Aliyekwisha ugua hapati tena, hilo hata wazee wetu walilijua kabla ya Mdachi, kwa hiyo yeye ndiye aliyeweza kuwashika wagonjwa na kuwazika. Siku nyingine zote hakuna aliyemwita. Watoto tulimwimbia akipita:

"Chekeche, chekeche! Unga umemwagika!"

Sauti yangu ilikuwa miongoni mwa zilizopanda juu. Yeye hakugeuka kamwe.

Mchanjaji alifika kabla ya ugonjwa. Alikuwa mtu wa pwani, amevaa kanzu iliyokunjwa mpaka magotini kwa ajili ya kupanda mlima, na kisanduku kidogo alichokibeba mwenyewe, hakumpa mtu. Nyuma yake alikuwa karani na askari mmoja kutoka bomani, na mbele yake Jumbe wetu akihema. Nusu ya watu walikimbilia msituni wakidhani wamekuja kuhesabu vichwa kwa ajili ya kodi au kuchukua watu wa kazi ya reli. Wengi wao walirudi mmoja mmoja walipoona Jumbe mwenyewe ametoa mkono.

"Ni mkwaruzo tu," mchanjaji alisema, akivunja ncha ya kichupa chembamba cha kioo. "Mama yako alikufinya zaidi ya hivi."

"Na dawa hii inatoka wapi?" mzee mmoja aliuliza.

"Kwa ng'ombe."

"Basi nitaanza kula majani?"

"Ukianza, utakuwa umempunguzia mkeo kazi ya kupika."

Watu wakacheka, na kucheka huko kukafanya kazi kubwa kuliko bunduki ya askari. Tulipanga mstari. Alichanja mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, mistari miwili myembamba, akamwambia kila mtu asiguse, asioshe, mpaka atakaporudi siku ya nane kutazama. Nilipofika zamu yangu nilitazama chuma kikipita. Sikulia. Nilitaka kuona damu inavyotoka na dawa inavyoingia mahali pamoja.

Bibi hakuchanjwa. Alisema ngozi ya zamani haina nafasi. Karani akamwacha, lakini akauliza, "Nyumba hii imebaki nani?"

"Mwali," Jumbe akajibu.

"Atoke."

"Mwali haonwi na mwanamume," Bibi alisema.

"Bibi, mimi sitamtazama usoni," mchanjaji akasema kwa upole.

"Na jua je? Nalo utaliambia lifumbe macho?"

Jumbe alisema amri ni ya watu wote, na yeye ndiye atakayeulizwa bomani. Bibi akasema hakuna aliye salama kama mwali, kwani nani anaingia kwake? Ugonjwa utapita wapi? Yakawa maneno ya huku na huku, askari akaanza kuchoka, na ndipo Mjomba Salehe akaingia kati.

"Toboeni ukuta," alisema. "Atoe mkono. Mkono peke yake si mwali."

Kila mtu akaona ni neno zuri. Mimi nikatumwa ndani kumwambia Zena, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa na ruhusa ya mlango ule.

Zena alikuwa amesikia yote. Nilimkuta amejibana kwenye ukuta wa upande mwingine. Nje, Mjomba alikuwa akigonga udongo kwa mti uliochongwa ncha. Vumbi likaanguka, kisha kipande, kisha mwanga ukaingia, mviringo kama kisahani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikaona goti la dada yangu likiwa na rangi.

"Sitoi," alininong'oneza. "Kungwi amesema damu ya mwali ikimwagika kabla hajatolewa, tumbo lake linafunga. Sitazaa."

"Wanangoja, Dada."

"Pokea wewe."

Nikamwambia nimekwisha chanjwa. Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Nipokelee. Bibi hakunipaka mimi unga kwa ajili ya Mjomba? Mimi na wewe tumbo moja."

Sikumkatalia, na sitaki kusema hapa kwamba nilishurutishwa. Nilifurahi. Kwa muda wa kutoa mkono mmoja watu wote wa nje wangenidhania mimi ndiye mwali. Mkono wa kushoto ulikuwa bado unachuruzika, kwa hiyo nikatoa wa kulia.

"Huu ni wa kulia," nilimsikia mchanjaji. "Nilitaka wa kushoto."

"Chanja uliopewa," Bibi akamwambia.

"Na mwali wenu mwembamba, bibi. Hamumlishi?"

"Mwanangu, umekuja kuchanja au umekuja kuposa?"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Katikati ya kicheko hicho karani akauliza jina, Bibi akalitaja, na mchanjaji akalirudia kwa sauti wakati chuma kinapita juu ya ngozi yangu: "Zena." Niliridhika kabisa. Jina limetajwa, damu ni moja, dawa inajua pa kwenda.

Niliporudisha mkono ndani, tulikaa tukitazamana katika mwanga ule mdogo.

"Imefika?" nilimuuliza.

Zena alijipapasa mkono, akafikiri. "Nasikia moto kidogo," alisema.

Siku ya nane mchanjaji alirudi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na lengelenge, na nilikuwa na homa ambayo Bibi alidhani ni ya mkono mmoja. Nilikuwa nikijifunika shuka mabegani mchana kutwa. Nikaonyesha wa kushoto uani, nikaingia ndani, nikaonyesha wa kulia ukutani. Mchanjaji akaushika kwa vidole viwili, akaugeuza kwenye jua.

"Huyu mwali wenu," alisema, "dawa imemshika vizuri kuliko wote."

Nimewaza miaka mingi juu ya siku hiyo ya nane zaidi kuliko ile ya kwanza. Siku ya kwanza tulikuwa watoto wawili gizani. Siku ya nane kisanduku kilikuwa bado mlangoni, kina vichupa ndani.

Baada ya mchanjaji kuondoka, watu walilegea. Miiba ikaondolewa njiani. Kutolewa kwa Zena kulikuwa kumekaribia, na Mjomba Salehe akashuka Mlali kutafuta nguo. Alirudi na doti ya kanga nyekundu iliyokunjwa vizuri. Alisema ameipata kwa mpagazi aliyekuwa anaelekea kwao na hataki tena mzigo. Bibi aliinusa akasema hii imekwisha fuliwa. Mjomba akasema imefuliwa mara moja tu, mwenyewe ameapa.

Mimi ndiye niliyempelekea Zena. Aliikunjua akajifunika kichwa mpaka miguu, akanivuta nami ndani, tukakaa chini ya kanga hiyo kama tulivyokuwa tukikaa zamani chini ya shuka letu wakati wa mvua. Ilinuka moshi na jasho la mtu mwingine. Nje mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama, nakumbuka kwa sababu Bibi aliniita nikautazame nami sikutaka kutoka.

Mwezi ulipokaribia kujaa, Zena akakataa chakula. Alisema kiuno kinamvunjika. Siku ya tatu nikaingia na uji, nikasogea karibu, na katika mwanga wa lile tundu nikaona uso wake umetoka vipele vidogo, vingi, vigumu kama mbegu zilizopandwa chini ya ngozi.

Hivyo Zena akatolewa. Hakukuwa na ngoma. Bi Chausiku alikuja peke yake, akamfunga kwenye majani ya mgomba kutoka begani mpaka miguuni, akambeba mgongoni kama mtoto, akashuka naye mchana kweupe. Watu waliziba milango, basi hata hivyo hakuna mwanamume aliyemwona. Kanga ile na mkeka vikachomwa uani. Bibi alisimama mlangoni akisema neno moja tu, "Lakini alichanjwa. Lakini alichanjwa."

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiingia kwake, nikatengwa. Mjomba alinipeleka kwenye dungu la shamba la mahindi, lile jukwaa la miti tunalokaa kufukuza kima, nikaambiwa nisirudi nyumbani mpaka mwezi ufe na mwingine uandame. Bibi aliniletea chakula akakiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua nyingi, akaniita. Nilishuka nikala, nikaiacha sahani, nikapanda. Hakuna aliyenisogelea. Kima hawakuniogopa tena; walikula mahindi huku wakinitazama, nami sikuwafukuza, maana walikuwa viumbe pekee waliokuja karibu.

Kutoka juu ya dungu niliona paa la kibanda. Kila asubuhi moshi ulipanda, na baada ya moshi ikaja harufu. Bi Chausiku alikuwa akibabua majani mapya ya mgomba. Mgonjwa wa ndui hawezi kulala kwenye mkeka, ngozi inabaki mkekani. Hulazwa juu ya majani yaliyolainishwa motoni, na kila siku hubadilishiwa. Sikuwa nimeambiwa hilo, lakini nililielewa baada ya siku mbili. Harufu ikija, kuna mtu wa kulazwa. Nikawa naamka kabla ya jua na kukaa nimeelekeza pua bondeni.

Siku ya tano au ya sita Bi Chausiku alipanda mpaka ukingo wa shamba. Alisimama mbali.

"We mtoto."

"Shikamoo, Bi Chausiku," nilisema. Sikuwa nimewahi kumwamkia.

"Marahaba. Leo nina jina, siyo chekeche." Hakusema kwa hasira. "Nionyeshe mikono."

Nikaonyesha wa kushoto.

"Nimesema mikono."

Nikatoa na wa kulia. Alitazama kwa muda. Gamba lilikuwa bado kubwa na jeusi, hata kutoka pale aliliona.

"Nimemwosha dada yako," alisema. "Bibi yako amesema amechanjwa. Nimetafuta mkono huu, nimetafuta na ule. Hakuna kitu."

Nikamweleza yote, tundu, jina, unga wa Bibi. Nilieleza kwa haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Mwishoni nikamuuliza, "Kwani haikufika?"

Bi Chausiku aliangalia chini. "Haikufika, mwanangu. Ugonjwa huu hauulizi tumbo. Unauliza ngozi."

"Nije nikae naye. Mimi nimechanjwa mara mbili. Sitapata."

"Huenda kweli hutapata. Lakini wengine watakuona unakuja, na wapo watoto watakaokufuata ambao walikuwa msituni mchanjaji alipokuja. Kaa huko huko."

"Utamwambia Bibi?"

"Mimi naosha na kuzika. Neno hilo si langu."

Alipogeuka kuondoka nikamwita, nikamuuliza kama Zena ananitaja.

"Jana aliuliza," alisema. "Aliuliza kama umekula."

Asubuhi tatu baadaye nilikaa nimeelekeza pua bondeni na harufu haikuja. Jua lilipanda. Kisha ukatoka moshi mwingi, mweusi, wa nyasi kavu, nikajua kibanda kinachomwa.

Nilimaliza siku zangu zote kwenye dungu. Sikutoka hata kipele. Niliporudi nyumbani niliwakuta Bibi na Mjomba wamekaa ukumbini, na hakuna aliyelia mbele yangu, nami sikulia mbele yao. Nilikuwa na neno moja kinywani na nililala nalo, katikati ya mkeka mpya. Bibi alipakaza udongo nyumba nzima kama ilivyo desturi baada ya msiba. Tundu la ukutani alilizunguka, hakuliziba. Sijui kwa nini, na kwa muda mrefu niliogopa kujua.

Baada ya mvua kubwa, ndui ikasikika tena upande wa pili wa mlima, na mchanjaji akarudi na kisanduku chake kwa ajili ya wale waliokimbia mara ya kwanza na watoto wachanga. Safari hii hakuna aliyecheka. Watu walikuja uani kwetu, wakasimama wamefumbata mikono.

"Bwana," Mjomba Salehe akamwambia, "hatukufukuzi. Lakini tulikupa mwali wetu, tukatoboa nyumba kwa ajili yako. Ukamchanja. Ukasema mwenyewe dawa imemshika kuliko wote. Yuko wapi?"

Mchanjaji aligeuka akatazama tundu la ukutani. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akaanza kuondoka, na mwingine akamfuata.

Bi Chausiku alikuwa amesimama mbali, karibu na migomba, mahali pake pa siku zote. Alinitazama. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Nikatoka mbele. Nikavua shuka begani na kunyoosha mikono yote miwili.

"Zena hakuchanjwa," nilisema.

Mjomba akaniambia niache upuuzi.

"Huu wangu. Na huu ni wake. Alinituma nimpokelee, nikatoa mimi mkono." Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikaona wanainama kuisikia. "Na tulijifunika kanga moja. Mimi na yeye, siku ile ile, kanga moja. Yeye akapata. Mimi sikupata."

Mchanjaji akaja akanishika mkono wa kulia kwa vidole viwili, akaugeuza kwenye jua kama alivyofanya siku ya nane. Akautambua. Aliuachia taratibu sana.

Nilikuwa nimefikiri juu ya maneno hayo kwa upande wangu tu. Sikuwaza kwamba kanga ile ilikuwa na mtu aliyeileta. Nilimwona Mjomba Salehe akitafuta mahali pa kukaa na asipaone, akakaa chini, palepale kwenye vumbi, kofia yake mkononi.

Aliyetoka wa kwanza kwenye kundi ni Bibi, yule wa ngozi isiyo na nafasi. Alikuja mpaka mbele ya mchanjaji, akatoa mkono wa kushoto, akageuza uso upande. Hakunitazama. Baada yake yule mama mwenye mtoto akarudi. Sikukaa kuona waliobaki.

Bibi hakunipiga, wala hakunigombeza, wala jambo hilo halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu. Mambo ya kawaida tulisema: kuni, chumvi, mbuzi. Ningependa kusema kwamba kusema kweli kulinipunguzia upweke. Kuliuongeza. Kabla yake nilikuwa na siri ya kukaa nayo, na sasa sikuwa na kitu.

Miaka ikapita nami nikawa mwali. Nikawekwa chumba kile kile, maana hakukuwa na kingine. Mwali huletewa chakula na mdogo wake, nami sikuwa na mdogo, basi Bibi alikuja mwenyewe, akiinama kwa shida, akaweka sahani na kutoka. Mchana nilikaa nikitazama kisahani cha mwanga kutoka lile tundu kikitambaa sakafuni mpaka kinapofika ukuta wa pili na kufa.

Siku moja mwanga ulikatika kabla ya wakati wake. Nikadhani ni kuku amesimama pale. Kisha mkono ukaingia, wa kushoto, ngozi imekunjamana, na chini ya kiwiko kovu lake lililochelewa. Haukuleta kitu. Ulikaa umefunguka hewani. Nikasogea, nikaweka mkono wangu wa kulia ndani yake, naye akaupapasa kwenda juu, pole pole, mpaka akafika kwenye kovu la Zena, akaweka kidole gumba hapo na kukiacha.

Tulikaa hivyo, yeye juani, mimi gizani. Kisha akauliza, kwa kunong'ona kama anayesema na mwali:

"Umekula?"

Nikamwambia nimekula.